Kliniki ya kuhasi mbwa na paka mtaani: mambo ambayo mzazi au mlezi anapaswa kujua

Umesikia tangazo kwamba Jumamosi watu wa kujitolea watakuwa ofisi ya serikali ya mtaa wakihasi na kuchanja mbwa na paka. Huenda umejiuliza: hili linanihusu nini mimi mwenye watoto wadogo? Linakuhusu sana. Watoto ndio wanaocheza na wanyama hawa kila siku, na ndio wanaoumwa mara nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema kuwa kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa cha mbwa, asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kuhasi ni nini?

Ni upasuaji wa kumzuia mnyama asizae tena. Dume hutolewa korodani. Jike hutolewa vifuko vya mayai, na mara nyingi mji wa mimba pia. Upasuaji hufanywa na daktari wa wanyama aliyesajiliwa, mnyama akiwa amepewa dawa ya usingizi (nusu kaputi) na dawa ya kutuliza maumivu. Asije mtu akamkata mnyama wako bila dawa hizo.

Watu wa kujitolea hawapasui. Wao huandikisha wanyama, huwapima uzito ili daktari ajue kiasi cha dawa, hunyoa manyoya, huosha vifaa, na hukaa na mnyama mpaka azinduke. Kazi hii ya mwisho ni muhimu, kwa sababu mnyama aliyelala nusu kaputi hupoteza joto haraka. Ukiweza, peleka kanga kuukuu au taulo la kumfunika.

Kuna faida gani kwa familia?

Mbwa na paka hubeba mimba kwa takriban miezi miwili tu. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi minne au mitano, hata akiwa bado ananyonyesha. Watoto wasiotakiwa huishia kutupwa jalalani, na wanaopona hukua bila chanjo wala mwenyewe.

Mbwa mwenye watoto huwalinda kwa meno. Mtoto wako akinyoosha mkono kumshika kibwa, mama yake anaweza kumuuma hata kama siku zote ni mpole. Jike aliyefungwa kizazi hafikii hali hiyo, wala hakusanyi madume ya kugombana mlangoni kwako. Madume waliohasiwa pia hupunguza kuzurura na kupigana.

Je, mbwa aliyehasiwa ataacha kulinda nyumba? Hapana. Atabweka na kulinda kama kawaida. Anaweza kunenepa, hivyo usimzidishie chakula.

Kuhasi hakuzuii kichaa cha mbwa

Hapa wengi hukosea. Kinachozuia kichaa cha mbwa ni chanjo. Mnyama aliyehasiwa bila kuchanjwa bado anaweza kuambukizwa na kuambukiza. Uliza kama chanjo inatolewa siku hiyohiyo, na utunze kadi yake kama unavyotunza kadi ya kliniki ya mtoto.

Ili ugonjwa usisambae, mbwa wasiopungua asilimia 70 katika eneo wanatakiwa wawe wamechanjwa. Kuhasi kunasaidia hapa: vibwa wasiochanjwa wakiwa wachache, kiwango hicho hakishuki haraka. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa ziliwahi kuukomesha ugonjwa huu. Chanjo ilipolegalega, ugonjwa ulirudi mwaka 2016, na ukakomeshwa tena kwa kuchanja mbwa.

Kabla ya kwenda kliniki

• Uliza mapema kama huduma ni bure au kuna mchango, na saa ya kufika.
• Usimpe mbwa au paka mkubwa chakula kuanzia usiku wa kuamkia siku hiyo. Maji anaweza kunywa hadi asubuhi. Wanyama wachanga hawapaswi kukaa na njaa muda mrefu, hivyo uliza daktari.
• Mbwa afungwe kamba imara na aje na mtu mzima anayemzoea. Usimtume mtoto.
• Paka awekwe kwenye tenga au boksi lenye matundu. Akibebwa mikononi, atakimbia mara tu atakaposikia mbwa wakibweka.
• Mwambie daktari ukweli: kama mnyama anaumwa, ana mimba, ananyonyesha au yuko kwenye joto. Anaweza kukuambia urudi siku nyingine. Usikasirike, anamlinda mnyama wako.

Mkirudi nyumbani

• Siku ya kwanza mnyama atapepesuka na anaweza kuuma bila kukusudia. Mlaze mahali pakavu na pa utulivu, na uwaweke watoto mbali naye.
• Mpe maji kidogo kwanza, kisha chakula kidogo jioni akiwa amezinduka vizuri.
• Kwa siku 10 hadi 14 asiogeshwe, asikimbizwe, na asilambe kidonda. Kola shingoni husaidia.
• Usimpe dawa za binadamu. Parasetamoli kidogo tu inaweza kumuua paka, na dawa kama diklofenaki na ibuprofeni zinaweza kumuua mbwa.
• Dume aliyehasiwa bado anaweza kumpa jike mimba kwa wiki kadhaa. Watenganishe kwa angalau mwezi mmoja.

Mrudishe kwa daktari haraka ukiona damu inatoka mfululizo, usaha, harufu mbaya, kidonda kimefunguka, au mnyama hajala kwa siku nzima baada ya upasuaji.

Mtoto akiumwa au kukwaruzwa

Usisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili za kichaa cha mbwa kwa binadamu huchukua kwa kawaida miezi miwili hadi mitatu kujitokeza, na zikishajitokeza karibu kila mgonjwa hufariki. Chanjo ikitolewa mapema, mtoto hupona.

1. Osha kidonda papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, hata kama ni mkwaruzo mdogo.
2. Usipake majivu, mafuta, pilipili wala dawa ya meno.
3. Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo. Kama hakina chanjo, uliza ni hospitali gani inayo, kisha nenda.
4. Maliza sindano zote kwa tarehe ulizoandikiwa, hata kama kidonda kimepona.
5. Toa taarifa kwa ofisa mifugo wa kata au mwenyekiti wa mtaa ili mbwa huyo afuatiliwe.

Watoto wengi huficha kwamba wameumwa kwa kuogopa kuchapwa, hasa kama walikuwa wakimchokoza mbwa. Ongea na mwanao leo, kabla halijatokea: “Mbwa au paka akikuuma, niambie. Sitakuchapa.” Mfundishe pia asimsumbue mbwa anayekula, aliyelala au mwenye watoto.

Kama huna mbwa wala paka

Bado unaweza kusaidia. Kliniki za aina hii huhitaji watu wa kuandika majina, kuchota maji, kufua mataulo na kuwaelekeza majirani. Na kama kuna paka au mbwa mnayemlisha mtaani ambaye hana mwenyewe, waambie wahusika mapema ili wapange namna salama ya kumkamata. Usijaribu kumkamata wewe mwenyewe, wala usiwaruhusu watoto wafanye hivyo.