Si Mapepo, Ni Mshipa

Wasee, kama umezaliwa Eastlands, kuna uwezekano mkubwa kilio chako cha kwanza kilisikika Pumwani. Hospitali ile ilianza 1926, enzi za mkoloni, ikihusishwa na Lady Grigg, bibi ya gavana. Karibu miaka mia imepita na mamathe wetu bado wanajifungulia pale. Lakini leo sitaki stori ya kuzaliwa. Nataka ya zile wiki zinazofuata, wakati kila mtu anabeba mtoto na hakuna anayemuuliza mama kichwa kinaendeleaje.

Cuzo yangu wa Kayole alijifungua poa kabisa. Siku ya sita, kichwa. Mimi ndio nilimwambia apunguze simu na alale. Alienda hospitali moja, akapewa dawa ya maumivu, akarudishwa nyumbani. Siku ya nane akaanguka jikoni, mwili unatetemeka, mdomo unatoa povu. Ploti nzima ikatoka nje. Mmoja akasema mapepo, mwingine akasema karogwa. Shosho peke yake ndiye aliyesema, "Huyu apelekwe hospitali sasa hivi."

Hofu hii si ya jana. Kiswahili kina jina kabisa: kifafa cha mimba. Madaktari wanakiita eklampsia, neno lililotoka kwa Kigiriki, maana yake kitu kama mmweko wa radi. Shida ni kwamba si kila mama anayetetemeka baada ya kujifungua ana hicho kifafa. Inaweza kuwa damu imeganda kwa mshipa wa kichwa, au ubongo unavuja damu. Kwa nje zinafanana. Kwa miaka mingi, njia ya uhakika ya kujua ilikuwa kupasua maiti. Hebu fikiria hiyo.

Kisha 1973, Paul Lauterbur akaonyesha kwamba sumaku inaweza kuchora picha. Peter Mansfield wa Uingereza akaendeleza hesabu zake. 1977, Raymond Damadian na wenzake wakapiga picha ya kwanza ya kifua cha mtu mzima, ikachukua karibu saa tano! Lauterbur na Mansfield walipata Nobeli 2003. Mwili wetu umejaa maji, na MRI inasikiliza jinsi hayo maji yanavyoitikia sumaku. Haitumii eksirei. 1996 madaktari wakaeleza uvimbe unaokaa sana sehemu ya nyuma ya ubongo, na baadhi ya wagonjwa wao walikuwa akina mama wenye eklampsia. Ndiyo maana wengine huona giza au vimulimuli. Ukitibiwa mapema, mara nyingi uvimbe unaisha.

Kwa cuzo, daktari wa hospitali ya pili aliagiza MRI. Chama cha mathe, mabeste, hata dere wa matatu, wote wakatuma M-Pesa. Picha ikatoka: damu imeganda kwenye mshipa unaotoa damu kichwani. Baada ya kuzaa, damu huganda haraka kuliko kawaida, ni njia ya mwili ya kumzuia mama asivuje hadi afe. Akapewa dawa ya kuzuia kuganda. Leo anauza smokie na mtoto anatembea.

Sasa, msinielewe vibaya. Mama akianza kutetemeka, hakuna anayengoja mashine. Kama ni kifafa cha mimba, magnesiamu salfeti inaanza hapo hapo, na kupima presha ni kazi ya dakika chache. MRI inakuja kujibu swali ambalo macho hayawezi. Lakini mbona jibu hilo litegemee kama una marafiki wa kukuchangia?

Mpaka wiki sita baada ya kujifungua, mama akilalamika kichwa kinachokataa kutulia, macho kufifia, upande mmoja wa mwili kulegea, au akitetemeka, mpeleke hospitali na useme wazi: "Amejifungua juzi." Mimi nilisema alale. Wewe usiseme hivyo.