Safari Iliyosimama Mpakani



Mwinjili Luka anasimulia kwamba Yesu, akiwa njiani kwenda Yerusalemu, alipita mpakani mwa Samaria na Galilaya. Alipoingia katika kijiji kimoja, watu kumi wenye ukoma walimjia, wakasimama kwa mbali. Walisimama mbali kwa sababu Sheria iliwaagiza hivyo: kitabu cha Mambo ya Walawi kinaeleza jinsi kuhani anavyomchunguza mtu anayeshukiwa kuwa na ugonjwa, akimtenga siku saba kabla ya kumwangalia tena. Basi, katika simulizi moja fupi ya Injili tunakuta mambo matatu ambayo historia imeyakutanisha mara nyingi: safari, mpaka na ugonjwa. Sisi tunaoishi mashariki mwa Kongo tunayafahamu yote matatu. Tuangalie, kwa msaada wa historia, namna ambavyo watu wa Mungu wameishi nyakati ambapo ugonjwa uliwafungia njia.

Jubilei na tauni

Mwaka 1343 Papa Klementi VI, aliyekuwa akikaa Avignon, alitangaza kwamba mwaka 1350 ungekuwa Mwaka Mtakatifu, na kwamba mahujaji wangealikwa Roma. Waamini walikuwa na miaka saba ya kujiandaa. Lakini mwezi wa Oktoba 1347 merikebu za wafanyabiashara wa Genova, zilizotoka upande wa Bahari Nyeusi, zilitia nanga Messina, katika kisiwa cha Sisilia. Ndani yake mlikuwa na mabaharia wagonjwa wa tauni. Katika muda wa miaka michache ugonjwa huo uliua sehemu kubwa ya watu wa Ulaya. Wanahistoria wengi wanasema theluthi moja au zaidi. Ulipita katika njia zilezile walizopita wafanyabiashara na mahujaji.

Hofu ilizaa uovu wa pili. Katika miji mingi Wayahudi walishtakiwa kwamba wametia sumu katika visima, wakauawa kwa mamia na maelfu. Mwaka 1348 Papa Klementi aliandika barua za kuwatetea. Alieleza kwamba Wayahudi nao walikuwa wakifa kwa tauni ileile, na kwamba tauni ilikuwa imefika hata mahali ambapo hapakuwa na Myahudi hata mmoja. Hoja hiyo ilikuwa rahisi kueleweka, lakini ilihitaji moyo mkuu kuitamka wakati ambapo kila mtu alikuwa akitafuta wa kumlaumu. Wengi hawakumsikiliza.

Hija yenyewe ilifanyika. Brigita wa Uswidi, ambaye leo tunamheshimu kama mtakatifu, aliondoka kwao mwaka 1349, tauni ikiwa bado inazunguka katika nchi za Ulaya. Alifika Roma, na mji huo ukawa makao yake hadi alipofariki mwaka 1373. Tunaustahi ushujaa wa mahujaji hao. Lakini tukumbuke pia kwamba watu wa karne ile hawakujua habari za vijidudu. Hawakujua kwamba nia njema ya msafiri haiuzuii ugonjwa aliombebea mwenyeji wake.

Mwezi mmoja nje ya lango

Miaka 27 baada ya Jubilei ile, mji wa Ragusa, unaoitwa leo Dubrovnik, katika nchi ya Kroatia, ulikabiliwa na fumbo gumu. Ragusa iliishi kwa bandari yake. Kufunga lango kabisa kulikuwa kujinyima chakula. Kuliacha wazi kulikuwa kukaribisha kifo. Mwezi wa Julai 1377 Baraza Kuu la mji liliamua kwamba mtu yeyote anayetoka mahali penye tauni asiingie kabla ya kukaa mwezi mmoja katika kisiwa kidogo cha Mrkan au katika mji wa Cavtat. Muda ukipita naye akiwa mzima, aliruhusiwa kuingia.

Baadaye siku 30 zikawa 40, na neno la Kiitaliano la arobaini ndilo lililozaa neno karantini. Mkristo akisikia hesabu hiyo anakumbuka siku za Musa mlimani na siku za Bwana wetu jangwani. Venezia iliendelea zaidi: mwaka 1423 ilifungua katika kisiwa chake kimoja hospitali ya wagonjwa wa tauni, na mwaka 1468 ikatenga kisiwa kingine kwa ajili ya wasafiri waliohitaji kungoja.

Tuione vizuri tofauti hii. Kwanza, mgeni wa Ragusa hakuambiwa kwamba yeye ni adui. Aliambiwa angoje, na siku ya kuingia ikajulikana. Pili, sheria ilitazama mahali alipotoka, bila kujali kabila lake wala dini yake. Hatusemi kwamba kungoja kulikuwa kwepesi. Mfanyabiashara alipoteza soko, na familia ilikaa bila habari. Walakini lango lenye utaratibu lilikuwa na faida moja kubwa: halikumpa msafiri sababu ya kutafuta njia ya siri.

Kutoka Butembo hadi Goma

Sasa tuje nyumbani. Tarehe 1 Agosti 2018 Serikali ilitangaza mlipuko wa kumi wa Ebola katika nchi yetu, ulioanzia Mangina, karibu na Beni, katika Kivu ya Kaskazini. Ulipotangazwa kwisha, tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 kati yao walikuwa wamefariki. Ulikuwa mlipuko wa pili kwa ukubwa duniani, na ulitokea katika eneo lenye vita, ambapo safari za kila siku ndizo zinazolisha nyumba: mama anayevuka kuuza mboga, kijana anayekwenda machimboni, familia inayokwenda kuzika.

Mwezi wa Juni 2019 familia moja iliyokuwa imekuja Kongo kwa sababu ya ugonjwa na msiba wa mzee wao ilirudi Uganda kupitia wilaya ya Kasese. Tarehe 11 Juni ikathibitishwa kwamba mtoto wao wa miaka mitano alikuwa na Ebola. Muda mfupi baadaye akafariki. Hawa hawakuwa watalii. Walikuwa wametimiza wajibu ambao kila mmoja wetu angeutimiza.

Mwezi uliofuata, mhubiri mmoja alisafiri kwa basi kutoka Butembo. Njiani alipita vizuizi vitatu vya afya, palipokuwa na maji ya kunawa yenye klorini na vifaa vya kupima joto la mwili. Wizara ya Afya ilieleza baadaye kwamba katika orodha za vizuizi hivyo jina lake liliandikwa kwa namna mbalimbali, kana kwamba alitaka kujificha. Tarehe 14 Julai alithibitishwa kuwa mgonjwa wa kwanza wa Ebola mjini Goma, akafariki. Tusimhukumu. Pengine aliogopa kutengwa na watu, au kufia mbali na nyumbani. Lakini jina lililofichwa lingeweza kugharimu maisha ya dereva na abiria wenzake, ambao ilibidi watafutwe mmoja mmoja ili wachanjwe.

Tarehe 17 Julai Shirika la Afya Duniani lilitangaza mlipuko huo kuwa dharura ya afya ya kimataifa. Katika tangazo lilelile liliziomba nchi zisifunge mipaka wala kuzuia safari na biashara, kwa sababu mpaka ukifungwa, watu hupita katika njia za panya ambako hakuna wa kuwapima wala kuwashauri. Hata hivyo mwezi huohuo Saudi Arabia ilisitisha visa kwa watu wa Kongo, na ndugu zetu Waislamu waliojiandaa kwenda Makka kuhiji wakabaki nyumbani. Sisi tunaojua uzito wa kuweka nadhiri ya hija tunaweza kuielewa huzuni yao. Kisha tarehe 1 Agosti, mwaka mmoja kamili tangu mlipuko utangazwe, Rwanda ilifunga mpaka wake na Goma. Wanafunzi, wafanyakazi na mama wachuuzi wanaovuka kila siku kati ya Goma na Gisenyi walijikuta kila mmoja upande asioutaka. Siku hiyohiyo mpaka ukafunguliwa tena.

Katika Goma walithibitishwa wagonjwa wanne tu, na mwezi wa Agosti mama mmoja pamoja na mtoto wake walitoka kituoni wakiwa wamepona. Mji uliokolewa na kazi ndogo ndogo zisizo na sifa: kuandika majina ya waliokutana na mgonjwa, kuwatembelea kwa muda wa siku 21, kuwachanja, na kuwaomba wasisafiri hadi siku hizo zitimie. Siku 21 hizo ni ndugu wa mwezi mmoja wa Ragusa.

Mwaka wa kungoja wote

Ebola ilikuwa haijaisha hapa kwetu wakati ugonjwa wa Korona uliposimamisha safari za dunia nzima. Mwezi wa Machi 2020 nchi yetu nayo ilifunga mipaka yake. Tarehe 3 Juni mwaka huo Namugongo iliwaadhimisha Karoli Lwanga na wenzake bila umati wa mahujaji wanaofika kila mwaka kutoka Uganda na nchi za jirani, baadhi yao kwa miguu. Mwezi wa Aprili 2020 Vatikani ilikuwa imekwisha kutangaza kwamba Siku ya Vijana Duniani ya Lisbon itasogezwa kutoka Agosti 2022 hadi Agosti 2023. Kongamano la Ekaristi la Budapest nalo lilisogezwa kwa mwaka mmoja.

Hapo Wakristo wa mataifa tajiri walionja jambo ambalo Mkongomani alilionja mwaka uliotangulia: kuwa na tiketi, kuwa na nia safi, na kuambiwa kwamba huwezi kupita. Tofauti moja ilibaki. Mwaka 2020 wote walisimama pamoja. Mwaka 2019 aliyesimamishwa alikuwa mtu wa Kongo peke yake, hata kama alitoka mkoa ambao haukuwa na mgonjwa hata mmoja.

Tujifunze nini?

Mtume Yakobo anawaonya wale wanaopanga safari na biashara ya mwaka mzima kana kwamba kesho iko mikononi mwao. Historia inathibitisha onyo hilo, na inaongeza jambo moja: safari inaweza kusimamishwa na hofu, na inaweza kusimamishwa na upendo. Kwa macho zote mbili zinafanana, maana basi haliondoki. Lakini hofu hutafuta wa kumlaumu, kama ilivyowatafuta Wayahudi mwaka 1348. Upendo humpa msafiri mahali pa kulala, chakula, habari za kweli na siku ya kufunguliwa, nao humwomba asiseme uongo kizuizini.

Hapo ndipo wajibu wetu unapoanzia. Kijana anayetaja jina lake la kweli mbele ya mhudumu wa afya anamlinda jirani asiyemjua. Anayeahirisha safari kwa sababu amemuuguza mgonjwa anatoa sadaka iliyo sawa na hija. Na jumuiya inayompelekea maji na unga familia iliyo katika siku zake 21 inaifanya kungoja kuwezekane. Kwani asiye na chakula hawezi kungoja, hata kama anataka.

Wale kumi wa Injili walisimama mbali, lakini Yesu hakuwapita. Alisikia sauti zao kutoka walipokuwa, akawajibu. Nasi, ugonjwa utakapofunga njia tena, tujue kwamba umbali wa hatua chache hauizuii sauti ya ndugu kusikika.

Maswali ya kutafakari pamoja

1. Katika parokia yetu, familia inayotengwa kwa sababu ya ugonjwa inapata msaada gani, na kutoka kwa nani?
2. Ni hofu gani zinazomfanya mtu afiche jina lake au dalili zake kizuizini? Tunaweza kuzipunguza namna gani?
3. Je, tumewahi kumlaumu mgeni au kabila fulani kwa ajili ya ugonjwa? Tufanye nini ili kuponya jeraha hilo?