Kwenda Melini: Tarehe ya Mwigobero

Babu yangu hakuwahi kusema anakwenda Musoma. Alisema anakwenda melini. Alikuwa mtu wa Bunda, na kwa watu wa rika lake mji ule wa ziwani ulikuwa mahali meli inapofunga kamba, robota la pamba linaposhuka begani na shilingi inapoingia mfukoni. Mimi nilikua wakati basi la Mwanza limeshazoea kupita Bunda juu ya lami, kwa hiyo neno lake nililiona la wazee tu. Nilipoanza kushuka Mwigobero mwenyewe, asubuhi baada ya asubuhi, ndipo nilipotambua kwamba mzee alikuwa ameusimulia mji mzima kwa neno moja.

Musoma ni rasi, na jina lenyewe linasema hivyo: kwa Wakwaya, wenyeji wa ufuko huu, omusoma ni nchi kavu iliyochomoza majini. Ukienda hadi nchani, kwenye yale majabali makubwa yaliyopandana, unalipata Ziwa Nyanza pande zote isipokuwa mgongoni. Mwigobero ndipo mji na maji vinapokutana: soko, mwalo, gati na kivuko, vyote vimebanana kiasi kwamba mnunuzi wa nyanya na abiria wa mtumbwi hupigana vikumbo. Kutoka hapo unaiona Kinesi ng'ambo ya Ghuba ya Mara, ile ghuba inayopokea mto uliotoka Kenya na kuikata Serengeti.

Wajerumani waliweka kituo hapa, chini ya Mwanza. Lakini kilichoijenga bandari kilitoka kwingine. Desemba 1901 reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilifika Kisumu, na kuanzia siku hiyo ziwa lote likawa tawi la reli ile. Meli zililetwa kutoka Uingereza zikiwa vipande vipande na kuungwa Kisumu. William Mackinnon ilitangulia, zikafuata Winifred na Sybil, kisha Clement Hill. Mkulima wa Mara, ambaye hakuwa na barabara ya kumfikisha pwani, akajikuta ana njia ya kwenda Mombasa inayoanzia majini. Ilikuwa karibu naye kuliko Dar es Salaam, na ikabaki hivyo kwa zaidi ya miaka sitini.

Vita Kuu ya Kwanza ikaipitia njia hiyo hiyo. Novemba 1914 Sybil iligonga mwamba, ikalazimika kupandishwa ufukweni Majita, nchi iliyokuwa ya adui wakati huo, na ikakaa pale hadi Waingereza waliporudi kuiopoa mwaka uliofuata. Mvuvi wa Majita anayekwepa miamba leo kwa kukumbuka tu alichoonyeshwa na baba yake angeweza kumwonya yule nahodha.

Baada ya vita Musoma ikawa makao ya wilaya ya Waingereza, na mwaka 1963 ikawa makao ya Mkoa wa Mara, uliomegwa kutoka Jimbo la Ziwa. Maghala yalijaa pamba, ngozi na samli. Ya pamba yanajulikana. Samli ndiyo iliyosahaulika, nami naitaja kwa sababu ilikuwa kazi ya wanawake wa nchi ya ng'ombe: maziwa yakitikiswa kwenye kibuyu mpaka mkono unakufa ganzi, siagi ikichemshwa, samli ikimiminwa kwenye debe na debe likitembezwa kichwani. Makuli waliopakia madebe yale walinuka samli siku nzima, na babu alisema mbwa wa mjini walikuwa wakiwafuata hadi mlangoni.

Mwaka 1934 mtoto wa miaka kumi na miwili alishuka kutoka Butiama, mwendo wa kilomita zipatazo arobaini kwa miguu, kuja kuanza shule Mwisenge, upande mwingine wa mji huu. Alikuwa Kambarage, mwana wa Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Inasimuliwa kwamba Chifu Makongoro wa Ikizu, nchi ambayo leo iko upande wa Bunda, ndiye aliyemwona kijana yule akicheza bao kwa akili na kumhimiza baba yake ampeleke shule. Mwaka 1937 akaenda Tabora. Njia ya kawaida ya kwenda Tabora siku hizo ilikuwa kupanda meli hadi Mwanza na kushika treni iliyokuwa imefika pale tangu 1928. Mtoto yule ndiye Mwalimu Nyerere, na watu huja Butiama kuzuru kaburi lake na kuona makumbusho pale Mwitongo, kisha hugeuza gari. Laiti wangeshuka na hiki kipande kilichobaki mpaka majini, kwa maana mtoto wa vilima alianza kusoma katika mji unaotazama ziwa, mji wenye Wahindi wa madukani, makuli wa kila kabila na mabaharia kutoka Kisumu. Sidhani yale hayakumfundisha kitu.

Kisha ikaja miaka ambayo bandari hii haijapata mfano wake. Mwaka 1961 Victoria ilianza safari, meli iliyojengwa Uskoti na kuungwa tena Kisumu, ikizunguka ziwa kutoka bandari hadi bandari. Baadaye katika muongo huo zikaja Umoja na Uhuru, meli za kubeba mabehewa. Hizi ndizo zilizomshangaza babu kuliko kitu chochote maishani mwake. Musoma haina reli. Haijawahi kuwa na stesheni wala kupigiwa king'ora cha treni. Lakini gati lake liliwekewa daraja la chuma na reli fupi, meli ikija inaegemeza kinywa chake pale, na behewa lililopakiwa Kisumu linatoka tumboni mwa meli kwa magurudumu yake yenyewe. Alisimulia hivyo akinyoosha viganja viwili sambamba, kimoja meli, kimoja nchi kavu, akivisogeza taratibu mpaka vidole vigusane. Alikuwa akishusha pumzi vinapogusana.

Ziwa nalo lilikuwa na mambo yake. Mvua kubwa za mwaka 1961, zile wazee walizozihusisha na Uhuru wa nchi, zilijaza Nyanza mpaka kufikia 1964 maji yalikuwa yamepanda zaidi ya mita mbili. Kandokando ya ziwa zima watu walihama na kujenga juu zaidi. Mei 2020 maji yalikifikia tena kimo kile na kukipita kidogo, na mialo ikamezwa. Wauza samaki walisogeza meza zao nyuma hatua kwa hatua. Mama mmoja wa dagaa aliniambia, huku akiwa amekunja kitenge juu ya magoti, kwamba hajakasirika, kwa sababu ziwa limekuja kuchukua pake.

Novemba 1974 wakuu wa chama cha TANU walikutana Musoma, wakatoa Azimio la Musoma lililoweka lengo la kila mtoto kuingia shule ya msingi kufikia 1977. Nalitaja katika habari ya Mwigobero kwa sababu watoto wengi wa wachukuzi na wavuvi walikaa darasani kwa azimio hilo, mama yangu mmojawapo.

Mwaka huo huo wa 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika. Meli zikagawanywa: Victoria na Umoja zikawa za Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya. Mpaka ukafungwa hadi 1983. Kisumu, iliyokuwa mama wa bandari hii, ikawa nchi ya watu iliyo kimya ng'ambo ya maji. Na mpaka ulipofunguliwa, barabara ilikuwa inazidi kuchukua nafasi. Njia kuu ya Mwanza kwenda Sirari inapita Bunda, inafika Makutano, inavuka Mto Mara kwa daraja la Kirumi na kuendelea zake. Musoma imeachwa kwenye tawi. Mzigo wa Bunda haukuwa na sababu tena ya kuja ziwani. Bunda, iliyokuwa ikituma watu melini, ikawa yenyewe ndiyo kituo: malori, gereji, nyumba za wageni. Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, na hofu ya meli ikaingia hata katika nyumba ambazo hazikupoteza mtu.

Wengi husimulia habari ya Mwigobero mpaka hapo, kana kwamba bandari ilikufa. Siwezi kukubaliana nao. Bandari kubwa ndiyo iliyonyamaza. Mwalo haujawahi kunyamaza. Njoo saa kumi na mbili asubuhi wakati wa giza la mwezi. Mitumbwi ya dagaa inaingia na taa zake bado ziko juu ya maboya. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, leo nyingi ni za jua. Makarai yanashuka, sauti za bei zinapanda. Sangara anakokotwa kwa matamvua, sato wanamwagwa kwenye beseni, na furu, samaki mdogo ambaye sangara, aliyepandikizwa ziwani miaka ya 1950, alikaribia kummaliza, akionekana watu wazima humchagua kwanza. Mwezi ukipevuka dagaa hawavuliki, wavuvi hushona nyavu, na soko zima hupunguza sauti. Sijui soko lingine mjini linalofuata mwandamo wa mwezi kwa uaminifu hivi.

Na abiria wapo. Kuna kivuko cha Kinesi, na kuna mitumbwi ya injini ya kwenda Rukuba na vijijini. Maji yakiwa mafupi, mtumbwi hausogei hadi ukingoni, na vijana wachukuzi hukubeba begani. Wiki iliyopita mmoja wao alimkaribia bibi kizee mwenye kuku wawili na begi.

"Bibi, shikamoo. Karibu mgongoni."

"Marahaba, baba. Kuku kwanza."

Akawapeleka kuku, akarudi, akainama. Bibi akapanda kwa ustadi wa mtu aliyefanya hivyo tangu usichana, akamshika paji la uso kwa kiganja ili asimzibe macho, wakaingia majini. Nyuma yao lilikuwa gati la mabehewa, nguzo zake za kufungia kamba zimeshika kutu ya rangi ya udongo. Nahodha alivuta kamba ya injini mara tatu, ikashika. Nilimuuliza mchukuzi, alipotoka majini akikamua suruali, bibi yule anakwenda wapi. "Ng'ambo kwa wajukuu," akasema, akifuata begi la abiria mwingine. "Alikuja melini kuuza."