Kompyuta ya zamani, mfumo mpya: anayeanza achague Linux ipi?

Msikilizaji, Oktoba 14, 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10. Kompyuta nyingi za mitumba zilizoko shuleni na kwenye steshenari zetu hazikidhi masharti ya Windows 11, kwa sababu prosesa zake ni za zamani au hazina chipu ya usalama ya TPM 2.0. Usikimbilie kuitupa wala kukopa fedha za kununua nyingine. Mashine hiyo inaweza kuendelea na kazi kwa mfumo endeshi huria.

Mfumo endeshi huria ni nini?
Mfumo endeshi ni programu kuu inayoendesha kompyuta na programu nyingine zote. Ukiwa huria, unaruhusiwa kuutumia, kuunakili na kumpa jirani bila kununua leseni. Unaojulikana zaidi ni Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds wa Finland. Una matoleo mengi, kama unga wa ngano unavyotoa chapati, maandazi na mkate.

Anza kwa kuijua mashine yako
Kwenye Windows 10, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na herufi X, kisha chagua System. Tazama mambo mawili: ukubwa wa RAM, na kama mashine ni ya biti 64. Ya biti 32 haipokei matoleo tunayoyataja hapa.

- RAM ya GB 4 au zaidi: Linux Mint Cinnamon.
- RAM ya GB 2: Linux Mint Xfce, ambayo ni nyepesi zaidi.

Kwa nini Mint?
Menyu yake iko chini kushoto, kama aliyezoea Windows anavyotarajia. Inakuja na Firefox ya intaneti na LibreOffice ya kuandikia barua, mitihani na hesabu. Mint 22 itapata masasisho hadi 2029. Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, nayo ni nzuri, ila mpangilio wake ni tofauti na wa Windows na inataka mashine yenye nguvu zaidi.

Bando na flashi
Faili la Mint ni kama GB 3. Pakua mahali penye intaneti nafuu, au omba kwa aliye nalo. Flashi moja inaweza kuhudumia kijiji kizima. Tumia flashi ya GB 8 isiyo na kitu muhimu, kwa kuwa itafutwa. Kunakili faili tu hakutoshi: litayarishe kwa programu ya bure iitwayo Rufus.

Jaribu kabla ya kusakinisha
Chomeka flashi, washa kompyuta ukibonyeza F12, F9 au Esc kutegemea aina ya mashine, kisha chagua flashi. Mint itafunguka bila kugusa vilivyomo kwenye diski. Jaribu sauti, Wi-Fi na printa. Kama Wi-Fi inagoma, unganisha simu kwa waya wa USB na uruhusu ishirikishe intaneti.

Tahadhari mbili
Kwanza, ukichagua kufuta diski wakati wa kusakinisha, picha, alama za wanafunzi na hesabu za kikundi vitapotea. Nakili kila kitu kwenye diski nyingine, kisha hakikisha vinafunguka kwenye kompyuta nyingine.

Pili, Microsoft Office ya kompyuta haisakinishwi moja kwa moja kwenye Linux. LibreOffice hufungua mafaili ya Word na Excel, lakini mara nyingine mpangilio wa kurasa husogea. Kama kazi yako inategemea programu maalumu ya Windows, uliza kwanza kama ina toleo la Linux. Kama haina, usifute Windows hadi upate mbadala.