Mirambo na Nyungu ya Mawe: Nani Kati Yao Alijenga Dola?

Vitabu vyetu vya shule humsifu Mirambo wa Urambo kuwa ndiye mjenzi mkuu wa dola katika bara la Tanzania ya karne ya 19. Sifa hiyo imekwisha kuwa mazoea. Mtaa wenye jengo la Benki Kuu jijini Dar es Salaam unaitwa kwa jina lake, na kambi ya jeshi mjini Tabora vilevile. Heshima hiyo ni haki yake kama jemadari. Ila kumpa sifa ya ujenzi wa dola na kumwacha Nyungu ya Mawe pembeni ni kuipotosha historia, na upotoshaji huo umevumiliwa kupita kiasi.

Nyungu alitawala Ukimbu, nchi ya miombo iliyo kusini-mashariki ya Unyamwezi, ambayo leo imegawanyika kati ya mikoa ya Tabora, Singida na Mbeya. Aliishi wakati mmoja na Mirambo, na alipigana kwa silaha zilezile. Wote wawili walifariki Desemba 1884. Milki ya Mirambo ilianza kumeguka mara tu baada ya maziko. Ya Nyungu ilirithiwa na binti yake, Mgalula, ikasimama hadi Wajerumani walipoivunja mwaka 1895.

Mazingira ya wakati ule yanafahamika. Bei ya pembe za ndovu ilipanda, bunduki zikamiminika kutoka pwani, na Wangoni waliotoka kusini wakaleta mbinu mpya za vita. Vijana waliopoteza makwao, wapagazi waliotoroka misafara na watumwa waliokimbia mabwana zao wakawa askari wa kulipwa kwa ngawira. Hao ndio rugaruga. Mtemi aliyeweza kuwalisha na kuwapa baruti alikuwa na jeshi la kudumu, jambo ambalo babu zake hawakulijua.

Kisa cha Mnywa Sere kinastahili nafasi zaidi, kwa sababu bila hicho Nyungu haeleweki. Mnywa Sere, mtemi wa Unyanyembe, alitaka wafanyabiashara Waarabu wa Tabora walipe ushuru kama wageni wengine wapitao katika nchi yake. Wakamwondoa, wakamsimika Mkasiwa, mtu wa kuwaridhisha. Mnywa Sere alipigana porini miaka kadhaa mpaka alipouawa mwaka 1865. Nyungu alikuwa wa ukoo huohuo wa kitemi. Alishuhudia jinsi kiti cha mtemi kinavyoweza kuuzwa sokoni, akaondoka kwao na wafuasi wake kwenda kutafuta nchi ambayo Tabora haikuwa na sauti ndani yake.

Mirambo alichagua kupambana na Tabora uso kwa uso. Alianza na utemi mdogo wa Uyowa karibu mwaka 1860, akateka jirani mmoja baada ya mwingine, kisha akaibana njia ya Ujiji. Agosti 1871 Waarabu walimvamia Wilyankulu, naye Stanley, msafiri Mzungu, akiwa upande wao. Waliuteka mji, wakabeba pembe na mateka, na walipokuwa wakirudi wamelemewa na mizigo, Mirambo akawavizia njiani na kuwaua wengi. Siku chache baadaye alishambulia Tabora yenyewe, na Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakubwa wa Waarabu, akafa humo. Vita viliendelea hadi katikati ya miaka ya 1870.

Aprili 1876 Stanley alikutana naye kwa amani. Alitazamia kuona jambazi, akamkuta mtu mrefu, mwembamba, mpole wa maneno. Walikaa wakachanjiana udugu wa damu kwenye mguu wa kulia, na mchanjaji alikuwa Manwa Sera, mnyapara wa msafara wa Stanley. Ni Stanley huyohuyo aliyemfananisha Mirambo na Napoleon. Ufananisho huo umenakiliwa kizazi hadi kizazi kana kwamba ni utafiti, na ni vigumu kuona unatufundisha nini. Mzungu mmoja alivutiwa na jemadari mmoja, basi.

Wamisionari wa London walimzidishia Mirambo bahati. Mmoja wao, Daktari Southon, aliishi Urambo kuanzia 1879 hadi kifo chake mwaka 1882, akaacha barua na maelezo mengi. Mirambo mwenyewe alitafuta urafiki wa John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, mpaka mauaji ya Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, mwaka 1880 yalipoziharibu hesabu zake. Tippu Tip naye, mfanyabiashara wa pembe, katika habari za maisha yake alizoziandika kwa Kiswahili, anausimulia urafiki wake na Mirambo. Kwa hiyo mwanahistoria anayemtafuta Mirambo hukuta kabati limejaa karatasi.

Nyungu hakupata waandishi wa namna hiyo. Wasafiri waliopita nyika ya Mgunda Mkali walimtaja kama tishio la barabara, wakaendelea na safari. Ushahidi wake ulibaki vinywani mwa Wakimbu, na ulikusanywa kwa uangalifu katika miaka ya 1960 na padri na mwanaanthropolojia Aylward Shorter. Alichapisha makala mwaka 1968 na kitabu mwaka 1972. Kazi hiyo inajulikana vyuoni, lakini haijashuka mpaka darasani, na huko ndiko inakohitajika.

Wazee wa Kikimbu hawakumpamba Nyungu. Walikumbuka ukatili wake na hofu ya rugaruga wake. Hata hivyo, masimulizi hayo yanatupa jambo ambalo karatasi za Urambo hazina: namna nchi ilivyopangwa. Ukimbu ilikuwa na vitemi vidogo vingi, vilivyotawanyika msituni mbali mbali. Nyungu aliweka makao yake Kiwele, na kila alipoteka eneo hakuwafuta watemi. Aliwaachia matambiko, maombi ya mvua na heshima ya mababu. Juu yao akaweka watwale, watu wake mwenyewe, kila mmoja akisimamia vitemi kadhaa kwa pamoja. Mtwale ndiye aliyekusanya pembe na kuzipeleka Kiwele, na mtwale aliwajibika kwa Nyungu peke yake.

Hapo ndipo penye siasa. Mtemi wa mahali alibaki na watu wake, lakini mali na nguvu vilipita katika mkono mwingine, wenye mipaka inayojulikana. Mirambo yeye aliwatawala wengi wa watemi aliowashinda kwa kumweka mahali pao ndugu yao aliyekubali kutii, kisha kudai askari na kodi. Utii huo ulikuwa kwa Mirambo mwenyewe. Ndugu yake Mpandashalo alipokalia kiti, waliotii kwa kumwogopa marehemu hawakuona sababu ya kumtii mrithi.

Wapo wanaomtetea Mirambo kwamba maadui zake walikuwa wengi zaidi na nchi yake yenye watu zaidi. Ni kweli, na hoja hiyo inaeleza ugumu wa kazi yake. Lakini alitawala kwa takriban robo karne, na katika muda wote huo aliendelea kuongoza vita yeye mwenyewe kuliko kuwaandaa wengine kutawala.

Mgalula ndiye kipimo changu kikubwa. Mwanamke alirithi milki iliyojengwa na rugaruga, watu wa bunduki na ngawira, na watwale wakaendelea kumletea pembe Kiwele kwa zaidi ya miaka kumi. Katika kipindi hichohicho Isike, mtemi wa Unyanyembe, alijilipua kwa baruti ndani ya boma lake, mwaka 1893, ili asishikwe na Wajerumani. Ukimbu iliendelea kusimama miaka miwili baada ya hapo.

Wanafunzi wetu wanastahili kufundishwa Kiwele pamoja na Urambo, na kuulizwa kila jemadari aliacha nini cha kuendesha nchi baada yake. Kwa swali hilo, Nyungu na binti yake wanastahili kurasa zao wenyewe katika kitabu cha historia.