Alituma au Alikuja Mwenyewe?

Wiki moja baada ya kumzika baba, binamu yangu alinirushia video kwenye WhatsApp. Ati Yesu alipigiwa kura mwaka wa 325, ndiyo akawa Mungu. Zamani ningeimeza tu. Safari hii nikaenda kusoma.

Mwaka ni wa kweli. Kaisari Konstantino aliwaita maaskofu Nikea, mji ambao leo unaitwa Iznik, Uturuki. Mapokeo yanasema walikuwa 318. Lakini ngoja kidogo. Karibu mwaka wa 112, Plinio, gavana wa jimbo hilohilo, alikuwa amemwandikia kaisari wake kwamba Wakristo hukutana alfajiri kumwimbia Kristo kama mungu. Hiyo ni miaka 200 na ushei kabla ya hiyo "kura".

Kumbe ugomvi ulikuwa mwingine. Ario, kasisi wa Aleksandria kule Misri, alimheshimu Yesu sana, ila alifundisha kwamba naye aliumbwa. Athanasio, wakati huo shemasi tu, alipinga hilo maisha yake yote: kiumbe hawezi kuwaunganisha viumbe wenzake na Mungu. Mkutano ukakubali kwamba Mwana ana asili moja na Baba.

Na mambo hayakuishia hapo. Konstantino mwenyewe alibatizwa mwaka wa 337, akikaribia kufa, na askofu aliyewahi kumtetea Ario. Athanasio naye, akiwa askofu, alifukuzwa mjini mwake mara tano. Kama ni kaisari aliyeamua, basi aliamua vibaya sana.

Mimi swali lenyewe nililielewa matangani. Wengi walituma mchango kwa M-Pesa, na Mungu awabariki, ulitusaidia. Lakini mjomba alisafiri usiku kucha kutoka Mombasa, akafika na viatu vimejaa vumbi, akaketi kando ya mama bila kusema neno. Leo mama hakumbuki nani alituma ngapi. Mjomba anamkumbuka.

Kwa Ario, Mungu alituma. Kwa Athanasio, alikuja mwenyewe, akala nasi, akalia, akazikwa. Tofauti hiyo ukiwa kaburini si ya wasomi tena.

Binamu bado anangoja jibu. Siku ya mazishi yeye pia alituma. Sikumwandikia hoja yoyote. Nilimwambia tu: njoo nyumbani, mama yupo, tutaongea.