Boma la Mahenge na Mwaka 1863

Sisi wa Ifakara tumezoea kusimulia habari za mto na mpunga kuliko habari za mlimani. Lakini ng'ambo ya mto Kilombero, huko Mahenge, Wajerumani walijenga boma la askari, na tarehe 30 Agosti 1905 Wapogoro na Wangindo, wakiitumainia dawa ya maji, waliliendea kwa miguu. Bombomu, yaani bunduki za kumimina risasi, ziliwaua kwa mamia. Wambunga wa bondeni nao walijiunga katika vita hivyo. Njaa iliyofuata iliua wengi kuliko risasi.

Je, nyumba ya namna hii ni ya nani? Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 huyalinda majengo ya kabla ya 1863. Maboma ya Kijerumani yote ni ya baadaye, hivyo pasipo tangazo la Waziri hayana kinga hiyo. (La Bagamoyo lilianguka sehemu katika mvua za El Niño.) Wapo wasemao nyumba ya mtesi na iachwe ianguke. Sikubaliani nao. Wengi wa waliouawa pale hawana kaburi lijulikanalo, na kuta zile ndizo huonyesha walikoangukia.